Fundi Aliyekimbia Kuzomewa

Siku Eyotaru alipohama mtaa wa Oli, alisimama nyuma ya pikapu ya kukodi, mkono mmoja umeshika mashine yake ya kuchomelea, mwingine unawanyooshea majirani kidole mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu anayehesabu wachelewaji.

"Wewe Obeti, mwizi! Wewe pale na kofia, mwizi! Mzee Aliga, samahani baba, wewe si mwizi lakini unakaa na wezi! Na wewe Dramadri..." Hapo akakosa neno la kutosha. "Wewe hata kikohozi yangu unaiga!"

Dramadri alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula chapati iliyoviringishwa na mayai. Akaimeza, akaweka mkono kifuani, akakohoa. Alikohoa vilevile kama Eyotaru akivuta moshi wa chuma asubuhi, mara mbili fupi na moja ndefu. Karakana zote kumi na moja zikaangua kicheko, na pikapu ikaondoka kuelekea Koboko.

Mahali alipotoka, pale Oli mjini Arua, panaitwa Kelele. Hakuna kibao, wala hakihitajiki. Ukiteremka kuelekea mto Oli utapasikia kabla hujapaona. Miaka mitano nyuma palikuwa kiwanja kitupu cha mbuzi. Kisha mzee Aliga akaleta mashine ya kukereza vyuma, nzito kama dhambi, akaishusha hapo kwa sababu lori liliharibikia hapo. Fundi wa pili akaja ili awe karibu na mashine ya Aliga. Wa tatu akaja kwa sababu wawili wapo. Baada ya hapo ikawa kama foleni ya uji shuleni: watu wanajiunga kwanza, wanauliza baadaye kinachogawiwa.

Eyotaru alikuwa wa nne. Alizaliwa Adumi, kwenye nyumba ambayo mama alisaga karanga na ufuta juu ya jiwe kila alasiri kutengeneza odii, ile rojo inayopikiwa mboga na ambayo bila hiyo watu wa Arua huona hawajala. Eyotaru alisaga mpaka viganja vikawa vigumu kama soli. Alipomaliza darasa la saba, mama yake alimpeleka chuo kimoja cha ufundi upande wa Kuluva akajifunze cherehani. Darasa la cherehani lilikuwa limejaa. Darasa la kuchomelea lilikuwa na viti vitupu na wavulana saba waliounguza nyusi. Wiki mbili baadaye na yeye hakuwa na nyusi. Mama aliendelea kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake anashona, mpaka siku binti alipofika nyumbani kwa likizo amebeba geti.

Sasa, Kelele kuna desturi moja ya ajabu. Fundi akimaliza kitu kipya, kabla hajakipaka rangi, lazima akitoe nje, akiweke katikati ya uwanja, na majirani waje kukizomea. Kila karakana ina haki ya tusi moja. Sharti ni kwamba tusi liwe na ukweli ndani yake. Ukitukana uongo, unawanunulia watu soda. Ndiyo maana vitanda vya bweni vinavyotoka Kelele havilii kama paka mwanafunzi akijigeuza. Kitanda cha kwanza kilizomewa wiki nzima.

Shida ya kuzomewa ni kwamba kila anayezomea ana macho. Eyotaru alibuni mashine ya kukata muhogo vipande vyembamba vya kuanika. Jumatatu ikazomewa. Alhamisi Dramadri akatoa ya kwake, tena ina pedali kama ya baiskeli. Wiki iliyofuata zilikuwa nne, na mwenye kofia alikuwa anaipaka ya kwake rangi ya kijani huku akipiga mluzi. Jambo lililomchoma zaidi Eyotaru, na ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba ile ya Dramadri ilikuwa afadhali.

Kisha ikaja semina. Waandaaji walitoka Kampala na projekta na maji ya chupa, wakawakusanya mafundi ukumbini kuwafundisha ubunifu. Kijana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka mbele alisema wazo ni yai, ukiliacha wazi nyoka atalila. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kwa ajili ya chakula cha mchana. Walikula, wakalala. Eyotaru peke yake aliandika. Aliandika YAI, akapiga mstari chini mara mbili, akageuka kumtazama Dramadri aliyekuwa anakoroma na mfupa wa kuku mkononi.

Wiki hiyohiyo akaja Natalina. Huyu ni mfanyabiashara aliyekimbia vita kutoka Yei, Sudan Kusini, na watoto wanne, akaanza kuuza odii Koboko kwa kikopo, na sasa akina mama wa vikundi sita wanamwita mwenyekiti. Ni mwanamke asiyepoteza maneno.

"Fundi, hii mashine tuko nayo inasaga mpaka odii inakuwa moto," alisema. "Ikikuwa moto inakuwa chungu. Wateja wanatema mbele ya macho yangu. Mimi nataka mashine inatoa odii baridi. Leta moja Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Ikiwa baridi, nachukua sita. Ikiwa moto, naenda kununua ya duka Kampala, na mimi na wewe hatugombani."

Sita! Hakuna aliyewahi kuagizwa mashine sita Kelele. Eyotaru alikuwa tayari na wazo: kuzungushia sehemu ya kusagia pipa lenye maji, maji yabebe joto. Aliliona kichwani zima kabisa. Aliona pia Dramadri akiliangalia mara mbili, na mara ya tatu akiliuza. Ndipo akakodi pikapu.

*

Koboko ni mji wa kupita. Malori ya Sudan Kusini yanapita, pikipiki za Kongo zinapita, na kilichoshindwa kupita kinauzwa. Eyotaru alipanga chumba nyuma ya barabara kuu, kati ya Santo fundi cherehani na Igga mkaanga chapati. Akazungusha mabati mbele. Akaziba tundu la kufuli kwa ubani wa kutafuna. Siku ya tatu Igga alimwuliza kwa sauti ya chini kama anatengeneza bunduki.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu kama likizo. Hakuna kelele, hakuna Obeti wa kuingia bila kubisha na kuchukua nyundo. Eyotaru alikuwa akisimama katikati ya kazi na kutabasamu peke yake.

Wiki ya pili nyuzi za bolti zilimkwama. Kelele, chombo cha kuchongea nyuzi unapata kwa kunyoosha mkono juu ya uzio. Mwenyewe anakupigia kelele, hayo ndiyo malipo. Koboko alizunguka mji mzima, akaelekezwa kwa fundi saa. Akapanda gari mpaka Arua mjini, akanunua, akarudi kwa kujificha na leso usoni asije akaonekana na mtu wa Oli. Keshokutwa yake ikawa beringi, safari nyingine. Kisha puli, lile gurudumu la mkanda kwenye mota. Alitaka ndogo, kama kisosi. Koboko ilikuwepo moja tu, imetolewa kwenye kinu cha zamani cha mahindi, kubwa kama sahani. Nauli ilikuwa imemchosha.

"Puli ni puli," akajiambia, akaifunga.

Siku ya kujaribu alinunua beseni la karanga zilizokaangwa, akawasha. Mashine ikanguruma na kucheza miguu yote minne. Odii ikatoka laini, inang'aa, inafuka moshi. Akaonja. Chungu kama kwinini. Cha ajabu, maji yaliyotoka kwenye bomba yalikuwa baridi vilevile kama yalivyoingia.

Kuanzia hapo alipigana. Alikaza mawe ya kusagia, akayalegeza, akayakaza nusu. Kwa siku tisa alijifunza kila unywele wa nafasi kati ya mawe yale mpaka odii ikatoka laini kama mafuta ya kujipaka. Laini, na moto. Aliongeza maji. Alipunguza karanga. Jumapili aliiombea. Jumatatu ikamchoma kidole.

Zikiwa zimebaki siku nne, aliondoa bati moja mbele na kumwita jirani.

"Santo, baba, kuja tazama hii kitu."

Santo aliingia na futi yake shingoni, akazunguka mashine, akapiga makofi. "Aa! Mama fundi, hii iko muzuri kabisa!"

"Iko na kosa gani?"

"Kosa? Mutu gani anaweza ona kosa hapa? Mungu amekupa mikono."

"Santo, itukane."

"Nini?"

"Itukane mashine. Sema kitu mbaya."

Santo alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi ni mutu ya kanisa."

Akamwita Igga, akamwahidi soda akiitukana. Igga alifuta unga mikononi, akafikiri kwa bidii mpaka mishipa ikamtoka.

"Mashine... mbaya," alisema.

"Mbaya wapi?"

"Mimi sijui, mama. Ni wewe unasema nitukane."

"Tazama basi!"

"Labda rangi yake."

"Haijapakwa rangi!"

"Basi ni hapo," alisema Igga, akanyoosha mkono kuomba soda.

Walikuwa watu wema, hilo hakuna ubishi. Santo alimletea viazi vitamu jioni ile na kusema tena jinsi mashine ilivyo nzuri. Eyotaru alikula viazi akiitazama mashine nzuri iliyounguza karanga za beseni tatu. Wema ulikuwa unammaliza. Na yule kijana wa semina, akawaza, alizungumza sana juu ya nyoka, lakini hakusema yai linakuwaje likikaa peke yake wiki tatu bila kuku. Linaoza, ndivyo linavyokuwa.

*

Asubuhi ya Jumanne mashine ilipakiwa kwenye lori la vitunguu, na Eyotaru akapanda juu ya vitunguu. Alipanga hotuba njia nzima. Lori liliposimama Kelele, kabla hajafungua mdomo, kikohozi kilisikika kutoka ndani ya karakana ya Dramadri. Mara mbili fupi, moja ndefu.

Hotuba ikaisha hapo.

"Umerudi?" aliuliza mzee Aliga bila kuinua macho kwenye chuma chake.

"Sijarudi, baba. Nimepita tu."

"Umepita na mashine ya watu wanne kubeba?"

Majirani walimsaidia Eyotaru kuishusha, kwa sababu hata wezi wana mikono, akaiweka katikati ya uwanja, akaiunganisha na umeme wa Obeti, akamwaga karanga. Kisha akasimama kando, amekunja mikono.

"Haya. Zomeeni."

Watu walitazamana. Mtu aliyewaita wezi mbele ya mbuzi na watoto sasa anaomba tusi? Lakini mota ilipowaka na mashine ikaanza kucheza miguu minne, hakuna aliyeweza kujizuia.

Mzee Aliga alitangulia, kama desturi. "Hii puli umeiba kwa harusi ya nani? Hii si puli, ni sinia ya pilau! Kwa mota unaweka kubwa namna hii, mawe yanakimbia kama wanafunzi wamesikia kengele ya chakula. Odii itakosa kuungua kwa nini?"

Eyotaru alijishika kichwa. Kisosi. Alijua tangu mwanzo ni kisosi.

Obeti akachuchumaa penye mabomba, akatia kidole kwenye maji. "Na maji yako iko na haraka sana, dada. Yanaingia juu, yanatoka juu hapohapo, hayasalimii mutu ndani! Peleka yaingie chini, yapande, yaulize habari za watoto, ndiyo yatoke."

Uwanja mzima ukacheka. Mwenye kofia akasema mashine imenenepa kama mke wa chifu. Wakajadili, wakaona ni uongo, akaenda kununua soda akinung'unika. Kila tusi lilimwingia Eyotaru kama dawa ya macho: linawasha kwanza, halafu unaona.

Dramadri alizungumza mwisho. Alizunguka mashine mara tatu. Eyotaru alihesabu mizunguko.

"Mimi iko na neno moja," alisema Dramadri. "Bolti kumi na nane. Mama wa odii amechoka, jua limezama, anataka kusafisha mashine aende nyumbani. Wewe unamwambia, mama, fungua kwanza bolti kumi na nane. Akifika ya kumi, panya amekula odii. Akifika ya mwisho, panya ameanza kula bolti."

Lilikuwa kweli, na hakuna soda iliyoweza kulibadilisha.

Jumatano mzee Aliga alimkerezea puli ndogo, akimtukana bure katikati ya kazi, matusi ya ziada yasiyohesabika kwenye desturi. Obeti alimsaidia kuhamisha bomba. Mashine ikawashwa, ikanguruma kwa adabu bila kucheza, na odii ikatoka imepoa. Eyotaru aliichota kwa kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho. Haikuwa chungu hata kidogo.

Alipofumbua macho, aliona Dramadri anakata pipa.

Alikuwa analikata mchana kweupe, hatua ishirini kutoka kwake, kwa urefu uleule wa pipa la mashine yake. Damu ilimpanda Eyotaru. Puli anayo, mabomba yamerekebishwa, lori la kwenda Koboko lilikuwa linapakia barabarani. Angeweza kuondoka saa hiyo na ushindi wake. Lakini kulikuwa na zile bolti kumi na nane, na alijua vizuri kwamba Koboko Santo angeziita nzuri zote kumi na nane.

Akamfuata Dramadri, akasimama juu yake. "Unaiga mashine yangu na mimi niko hapa?"

"Sasa niige ukiwa wapi?" Dramadri alizima mashine ya kukatia, na alionekana amekasirika kweli. "Unatutukana, unapanda pikapu, unaenda. Wiki tatu! Unajua nimetengeneza nini wiki tatu? Mageti. Geti, geti, geti, kama mjinga. Hapa hakuna mutu analeta kitu kipya ya kunichokoza. Mwenye kofia alileta kiti."

"Kiti gani?"

"Usiulize."

Eyotaru alitaka kutukana, lakini kilichomtoka kilikuwa karibu na kicheko, akakigeuza kuwa kikohozi. Simu yake ikalia. Ilikuwa ni Natalina.

"Fundi, nimekuja kwa mlango yako Koboko. Nimekuta mabati na harufu ya karanga imeungua. Uko wapi?"

"Niko Oli, mama."

"Haya. Ijumaa nakuja Arua kuchukua mzigo. Nitapita hapo nione hiyo mashine. Ni hiyo Ijumaa, fundi, hakuna nyingine."

Dramadri alikuwa amesikia kila neno. Akawasha mashine ya kukatia, na cheche zikaruka mara mbili ya kwanza.

Ijumaa, Natalina aliposhuka kwenye pikipiki akiwa na mfuko wa karanga zake mwenyewe na kijiko chake mwenyewe, alikuta mashine mbili zimesimama bega kwa bega. Eyotaru hakuwa amelala vizuri. Oda ya mashine sita ilikuwa mikononi mwa huyu mama, na Dramadri alikuwa amevaa shati safi.

"Nani ameniita kuona mapacha?" aliuliza Natalina.

Hakungoja jibu. Alimwaga karanga kwenye ya Eyotaru. Odii ikateremka taratibu, nzito, inang'aa. Natalina akaigusa kwa mgongo wa mkono kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaonja. Akaonja tena, na safari hii hakuwa anapima, alikuwa anakula.

Akaenda kwenye ya Dramadri. Baridi pia. Akaonja, akatema kipande. "Hii iko na mchanga?"

"Ni karanga, mama," alisema Dramadri kwa unyenyekevu. "Inakataa kulainika. Huyo dada iko na siri ya mawe, sijaiona bado."

Siku tisa na beseni tatu, aliwaza Eyotaru. Nenda kaitafute mwenyewe.

"Sasa fungueni nione ndani," alisema Natalina.

Eyotaru akachukua spana, akapiga magoti. Dramadri akavuta kitasa kimoja, na ubavu mzima wa mashine yake ukafunguka kwenye bawaba kama mlango wa kabati. Akaingiza kitambaa, akapangusa, akafunga. Eyotaru alikuwa kwenye bolti ya tano.

Natalina aliwatazama wawili hao, mmoja amepiga magoti, mwingine anajipepea na kitambaa.

"Nataka ya huyu mama," alisema. "Na mlango ya huyu bwana. Sita, zote na mlango. Wiki tatu. Kama mnafanya pamoja, fanyeni. Kama mnapigana, piganeni leo jioni mmalize, kesho muanze kazi." Akafunga mfuko wake wa karanga, akaomba apewe odii iliyobaki kwenye ya Eyotaru, akapanda pikipiki.

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanamwangalia Eyotaru, hata mwenye kofia, hata mzee Aliga ambaye kwa mara ya kwanza tangu lori liharibike alikuwa amezima mashine yake. Mashine sita kwa wiki tatu ni kazi ya mikono mingapi? Alihesabu haraka, na hesabu haikuisha kwenye mikono yake.

Akainuka, akapangusa magoti. Akatoa futi ya chuma mfukoni, akatembea mpaka kwenye mashine ya Dramadri, akaanza kupima mlango.

Kelele nzima ikalipuka. Walipiga miluzi, walipiga mapipa, Obeti alizunguka uwanja akishika kichwa kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. "Mama! Mchana! Mbele ya watu!" Eyotaru aliendelea kupima, masikio yanamwaka, akajaribu kusoma urefu, lakini futi ilikuwa inateleza upande wa pili kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuishika.

Dramadri akaweka chapati yake juu ya pipa, akafuta mafuta kwenye shati safi, akaja akashika ncha.

"Vuta mpaka kwa bawaba, dada," alisema. "Ukipima vibaya, watasema ni mimi sijui milango."